Taa Iliyowaka Nikiwa Edani

Mpendwa mume wangu,

Nakuandikia kutoka chumbani kwetu, hapa Msambweni. Ijumaa natoka eda, na mpaka juzi mamako alikuwa hataki nirudi maabara. Alisema mjane kijana kulala Mombasa wiki nzima, kwa ajili ya vipande vya kioo, watu watasema. Simlaumu. Amekuzika wewe, sasa anaogopa nami nitaondoka abaki peke yake.

Wewe ulikuwa fundi wa umeme, umetia taa nusu ya nyumba za mji huu, na taa yangu uliitania tangu siku ya kwanza. Nilikuonyesha kioo kidogo kuliko ukucha, kimepakwa utando wa perovskaiti, kemikali inayogeuza umeme kuwa mwanga. Kikatoa mwanga wa kijani, kisha kikafifia. "Hii wataka niitundike wapi, mke wangu? Kwa sisimizi?"

Nakumbuka Ramadhani ile tukipika kaimati, ukaniuliza kwa dhati kwa nini inafifia. Nikakwambia utando ule ni fuwele, chembe ndogo ndogo kama za sukari, na zikijipanga ovyo huacha mapengo. Umeme ukifika penye pengo haugeuki mwanga, unapotea ukawa joto. Kwa hiyo tunatia kiongezeo, kemikali kidogo tu, ili chembe zikue taratibu na mapengo yazibwe. Kisha nikakamulia ndimu kwenye shira ya sukari isije ikafanya chenga, nikasema, "Karibu na hivi." Ulicheka mpaka ukaunguza kaimati. "Wallahi, umesoma kote huko kuja kutia ndimu?" Lakini tangu siku hiyo, nikichelewa kurudi, uliwaambia watu kwa fahari kwamba mkeo yuko kazini anaziba mapengo.

Ulipofariki, kiongezeo changu kipya kilikuwa hakijajaribiwa. Kusema kweli, sikujali. Nilikaa humu nikiona dunia ina taa za kutosha.

Mwanafunzi wangu Mwanasha akaendelea bila mimi. Juzi alileta picha kwa simu. Taa imewaka tangu asubuhi hadi alasiri, na kwa umeme uleule inatoa mwanga mwingi kuliko zote tulizowahi kutengeneza. Chini yake ameandika, "Mwalimu, imekubali hii moja tu. Zingine zimekataa, na sijui kwa nini." Niliinua kichwa nikuonyeshe.

Mamako aliponiletea uji alinikuta nalia. Nikampa simu. Aliitazama ile picha kitambo.

"Mwanangu aliiona hii?"

"La, mama. Hakuwahi."

Akaketi kitandani, upande wako. "Na hizo zilizokataa, atazishughulikia nani?"

"Labda mimi, mama. Sijui."

Akanirudishia simu, akajifuta macho kwa ncha ya leso. "Basi ukitoka eda, nenda. Lakini kila Alhamisi jioni urudi, nile nawe."

Nitakwenda, mume wangu, na Alhamisi nitarudi kwake. Kazi haiogopeshi. Ninachoogopa ni siku taa zote zitakapokubali. Mwanasha atampigia mamake simu, nami nitampigia mamako. Atalia, nami nitalia naye, na tutafurahi kweli. Lakini ni wewe niliyetaka kukupigia.

Mwenyezi Mungu akutilie nuru kaburini mwako.

Mkeo