Kigarimoshi cha Baba Mdogo Harold

Greenhead 14,
Skipton, Yorkshire.
11 Novemba 2019

Mpendwa binamu yangu Clive,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye mvua. Hujambo? Doreen na watoto hawajambo? Na lile goti limepona? Sisi wazima, ila mume wangu Norman ana mafua, na kwa anavyolalamika ungedhani ameshaandika wosia.

Mama Mdogo, mama yako, ni mzima kabisa. Juzi alimaliza sahani yake ya samaki na chipsi, akaanza kuinyemelea yangu.

Sasa nije kwenye kigarimoshi cha mfano alichounda marehemu baba yako, Baba Mdogo Harold. Uliandika kwamba kama hakitembei tena, tukutumie huko Tasmania ukakiweke kabatini. Mama Mdogo alikubali kwa sharti moja: kwanza kiende kwenye maonyesho ya chama chetu cha vigarimoshi. Kikikwama tena mbele za watu, ni chako. Sitakuficha, niliumia. Sikutaka kiondoke.

Ubaya haukuwa wake. Kina magurudumu manne tu, na njiapanda zetu za zamani, pale reli zinapogawanyika, zilikuwa na plastiki katikati. Kikifika hapo kinakosa umeme wa reli, kinasimama mpaka mtu akisukume kwa kidole. Kwenye chama kidole hicho tunakiita mkono wa Mungu. Mwaka jana Mungu hakupumzika.

Basi tukang'oa reli zote. Norman alitaka njiapanda fupi fupi za mitumba, kila moja ya kampuni yake, eti reli ni reli. Nikamwuliza, "Mzee, wewe ungevaa buti mguu huu na ndara mguu ule?" Tukanunua ndefu, za aina moja, zenye chuma katikati na waya wake wa umeme. Tukazijaribu, kigarimoshi kikapita bila kusita.

Lakini Norman huyo! Maonyesho yamekaribia, akamwaga kokoto na gundi ili reli zipendeze, gundi ikaingia kwenye zile ndimi za chuma zinazogeuza njia. Asubuhi hakuna iliyogeuka.

"Ni unyevu tu," akasema.

"Unyevu gani, Norman? Umezigandisha! Haraka yako hiyo!"

Tulikwangua kwa vijiti vya meno na maji ya moto hadi vidole vikakunjamana.

Jumamosi ukumbi wa kanisa ulijaa. Mama Mdogo alikaa mbele, kidole tayari. Kigarimoshi kikapita njiapanda ya kwanza, kikapita ya pili, kikaenda hadi ya mwisho na kuingia chenyewe kituoni. Hakuna aliyekigusa. Watu wakapiga makofi, Mama Mdogo akalia, nami nikalia. Norman alisingizia mafua.

Nikamwuliza Mama Mdogo nikuandikie nini.

"Mwambie hakiji," akasema, huku akijifuta machozi. "Hiki kinatembea. Akikitaka, na yeye atembee, aje."

Wasalimie Doreen, Philippa na Rory mdogo. Norman naye anakusalimu kwa chafya. Mungu awatunze, awafungulie na njia ya kuja nyumbani.

Wako akupendaye daima,
Sheila