Kabatini kwa Bibi Myahudi

Shikamoo shangazi Debora,

Toronto kuna joto kama la Morogoro. Jana mchana kanisa lilinituma kumhubiria bibi mmoja Myahudi anayeishi peke yake ghorofani. Kabla sijafungua Biblia, umeme ukakatika mji mzima, kukawa kimya cha kutisha. Bibi akashtuka, akanivuta tujifiche ndani ya kabati kubwa la makoti. Mle mlikuwa na mkate, maji na viti viwili.

“Hiki cha pili ni cha nani?” nikanong'ona.

“Cha jirani Mkristo, akitokea wa kukaa nami. Nilipokuwa mtoto, Wanazi walipokuja kutuchukua sisi Wayahudi, majirani wote walifunga milango.”

Nikakaa. Sikuhubiri. Nyayo zilipopita nje tulishikana mikono, kila mmoja akisali kwa lugha yake. Niombee, shangazi: siku ya kuja kumchukua bibi huyu ikifika kweli, nisije nikamkimbia.

Mungu akufunike.
Mwanao, Upendo