Saluti ya Kwemsala

Kijiji kipya, Korogwe
8 Juni 1975

Mwanangu Zuena,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila miguu inamsumbua baba yako. Hujambo huko Tanga, na wanafunzi wako? Hii naiandika kwa mkono wangu. Kisomo cha watu wazima kimenifungua.

Tumeshahamia barabarani kama tulivyoamriwa. Kwetu Kwemsala hapana mtu tena, na treni haisimami. Stesheni ile babu yako aliibebea mawe enzi za Mjerumani, na hapo ndipo tulipopandia sote kwenda mjini kusherehekea Uhuru. Leo wanalala popo. Lakini kila asubuhi baba yako anavaa koti lake la reli, anakwenda kufagia, na gari la moshi likipita analipigia saluti. Nikimkataza anasema, "Mama Zuena, lisije likadhani tumekufa." Watu wanacheka. Kisimani nainamisha uso. Mwandikie wewe, anakusikia.

Mama yako

Tanga
20 Septemba 1975

Mama, shikamoo.

Nisamehe kuchelewa. Mwili ni mzima. Mwezi wa nane tulikwenda Moshi kwa treni, mimi na walimu wenzangu. Tulipopita Kwemsala, baba alikuwa amesimama wima, mkono kwenye paji la uso. Mwenzangu Yuditha akasema, "Mtazameni mwehu wa stesheni." Wakacheka. Nami nikacheka, Mama. Akaniuliza kama kwetu si pande hizo, nikasema kwetu ni mbali. Tangu siku ile nikishika kalamu nimwandikie baba, nashindwa. Naomba asijue.

Mwanao, Zuena

Kijiji kipya, Korogwe
5 Oktoba 1975

Mwanangu Zuena,

Nimepata barua yako. Sikumwambia. Lakini alikuona. Siku ile alirudi anakimbia na miguu ile ile mibovu, akaniambia, "Zuena alikuwa dirishani. Ameniona, akacheka." Akachinja jogoo. Nilidhani ni uzee, nikamwambia aache uongo. Hata mimi nilimcheka.

Jana nilimpelekea chakula Kwemsala, watu wananitazama, nikapita. Tukala kwenye baraza ya stesheni. Gari lilipokuja alisimama, akakagua madirisha, behewa kwa behewa, hadi la mwisho. Kisha akakaa, akasema, "Labda kapanda la kesho."

Nimpe jibu gani, mwanangu?

Mama yako