Mshuko wa Uzi wa Nne

Jumatatu, 3 Machi

Mshuko: kupungua kwa sauti ya uzi ambao haukuguswa, pale pedali inapokanyagwa ili kuvuta uzi mwingine. Chanzo chake ni kiwiliwili cha gitaa kupinda kidogo chini ya nguvu ya mguu. Hakuna gitaa la pedali, lile la kulazwa juu ya miguu minne liitwalo steel, lisilo na mshuko. Hoja si kama upo. Hoja ni kiasi gani.

Kipimo chake ni senti. Si zile za mfukoni. Hizi ni mia moja katika kila nusu toni. Sikio lililofundwa hunasa tano. Sikio la kawaida, kumi.

Naandika fasili hii kwa sababu shemeji, mume wa dada, ameleta lalamiko. Gitaa nililomchagulia mwezi uliopita kwa mjane wa mpigaji mmoja, nikalisafisha kwa mikono yangu kabla ya kumkabidhi, eti "linalegea". Neno ni lake. Akikanyaga pedali ya kwanza na ya pili pamoja, uzi wa nne unashuka. Nilimwuliza kiasi gani. Akajibu: kiasi cha kuudhi. Hicho si kipimo.

Ameongeza kwamba siku ile alipolijaribu sebuleni kwa mjane halikulegea. Nilimweleza kwamba kumbukumbu ya sauti hudumu sekunde chache, si wiki tano. Akacheka. "Lisemwalo lipo, shemeji," akasema.

Gitaa liko kwangu sasa, mezani karakanani, limepinduliwa tumbo juu. Fito za chuma kumi na tisa, nyembamba kama sindano za kufumia, kila mmoja ukitoka kwenye pedali au wenzo wa goti hadi kwenye kidole cha chuma kinachoshika uzi wake. Hakuna siri humu. Kila kitu kinaonekana. Ndiyo sababu nimeipenda kazi hii kuliko kufundisha.

Jumanne, 4 Machi

Vipimo. Nimelibana gitaa mezani kwa majiliwa mawili, vibano vya chuma, ili lisicheze, maana kitu kinachocheza hakipimiki. Nikasukuma pedali ya kwanza na ya pili kwa mkono mpaka mwisho wa mwendo wake, uzi wa nne ukilia. Mara thelathini. Wastani: senti mbili. Kubwa kabisa: tatu.

Springi zote nzima. Skurubu za kiwiliwili zimekaza. Nati za nailoni hazijalika. Pedali yake ya sauti, ile ya kukuza na kupunguza mlio, ilikuwa inakwaruza. Nimeifungua, nikaipulizia dawa, imenyamaza. Hiyo ilikuwa hitilafu ya kweli, naye hakuitaja!

Daftari la karakana la mwezi uliopita linaonyesha kila nilichofanya: mafuta yaliyoganda yametolewa, springi mbili zimebadilishwa, ufito mmoja usio na kazi umeondolewa, nyuzi kumi mpya. Hakuna cha kulaumiwa hapo.

Hitimisho: gitaa ni zima.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kwenye chumba chake cha kazi. Shemeji ni mpima macho. Ana miaka sitini na minne, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameipiga steel katika bendi ile ile, ukumbi ule ule, kila Jumamosi alasiri. Sikuona haja ya kubeba gitaa. Nilibeba karatasi ya vipimo.

Nilimkuta na mteja, mama mmoja mwenye kofia ya sufu. Mashine ilikuwa imekwisha kumpima na kuchapa nambari zake. Hata hivyo shemeji alimvalisha fremu nzito ya majaribio, akawa anabadilisha lenzi moja moja. Hii, au hii? Na sasa, hii, au hii? Nilihesabu mara kumi na nne. Mama alipotoka niliuliza kwa nini anapoteza muda ilhali nambari anazo. Akasema mashine haivai miwani.

Nikampa karatasi. Nikamweleza utaratibu, wastani, upeo. Kisha nikasema sentensi ambayo naiandika hapa kama nilivyoitamka, kwa sababu ilikuwa sahihi kwa mujibu wa ushahidi: "Gitaa ni zima. Kilichochoka ni sikio."

Hakubisha. Aliisoma karatasi mpaka chini, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa koti lake jeupe pamoja na kalamu. "Basi," akasema. "Wewe ndiye Bi Desimali."

Jina hilo nilipewa na bendi. Silichukii.

Alhamisi, 6 Machi

Amplifaya ya mpiga besi wa bendi ya shemeji ilikuwa inavuma. Waya wa ardhi ulikuwa umeachia kwenye chasisi. Dakika kumi, solda kidogo, kimya. Ipo starehe ya pekee katika kosa lenye anwani.

Akiwa anasubiri alinipa habari kwa mdomo uliojaa karanga: shemeji ameiaga bendi. Keshokutwa watapiga bila yeye. Amesema hataki kuwa kama yule mtu anayepiga kelele simuni akidhani ananong'ona, na watu wote wanamstahi hawamwambii. Gitaa amempatia mtu wa mji mwingine, atakuja kulichukua Jumatatu saa kumi, nyumbani kwa shemeji, kwenye kile chumba cha kazi.

Mpiga besi anaona ni utani wa shemeji. Akasema bendi bila steel ni kama suruali bila mkanda: itasimama, lakini mikono haitoki kiunoni.

Sikutarajia uamuzi wa ghafla namna hiyo. Angeweza kuniuliza kwanza.

Ijumaa, 7 Machi

Dada ameingia bila kubisha hodi, kama anavyoingia kwangu tangu utoto. Hakuketi. Alilitazama gitaa lililopinduliwa, akauliza kama ndivyo lilivyoachwa, tumbo juu kama kuku wa kuchinjwa.

Anasema nyumba imepoa. Redio imezimwa tangu juzi. Kabla ya kuizima mume wake alimwuliza kama mwimbaji wa redioni yuko kwenye sauti au nje ya sauti. "Ananiuliza mimi," dada akasema, "mimi niliyefukuzwa kwaya nikiwa na miaka tisa."

Nilimwambia kwamba nilitoa tu matokeo ya kipimo.

"Mdogo wangu," akasema, "ungemwambia kwa maneno, angebishana nawe mpaka mchoke, mngekunywa chai. Ulimwambia kwa nambari. Mtu atabishana na nambari kwa nini?"

Kisha akaagiza, kwa sauti ya mkubwa kwa mdogo: nilisimamishe gitaa kwa miguu yake, nilipange vizuri, mgeni wa Jumatatu asije akalikuta katika hali ya aibu. Nikamwambia nitafanya. Alipofika mlangoni aligeuka, akalitazama gitaa tena. Hilo ndilo lililokaa nami jioni yote.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika kwa mpangilio wa matukio, bila kuruka.

Saa tatu asubuhi. Nimefungua majiliwa, nimelifunga gitaa miguu yake minne, nimepachika vyuma vya pedali, nimelisimamisha katikati ya chumba. Nimeketi kwenye stuli kama mpigaji. Nimevaa viatu vya kutokea, kwa kuwa sakafu ni baridi. Nia yangu ilikuwa kurekebisha sauti za nyuzi tu, kwa ajili ya mgeni.

Nikakanyaga pedali mbili za kwanza. Nikapiga uzi wa nne.

Sindano ya kipima sauti ilishuka senti kumi na moja.

Nikadhani nimegusa kitu. Nikarudia. Kumi na moja. Kumi. Kumi na mbili. Mara thelathini, kama Jumanne: wastani kumi na moja.

Kisha nikasikia. Hili nalionea aibu zaidi kuliko sindano. Nilipoacha kutazama kipima sauti na kusikiliza tu, uzi ulikuwa unazama waziwazi, kama mtu anayeketi kwenye godoro lililochoka.

Sababu haihitaji daktari. Jumanne gitaa lilikuwa limebanwa kwenye meza ya mninga yenye unene wa kiganja. Lisingeweza kupinda hata likitaka. Nami nilisukuma kwa mkono, taratibu, ilhali shemeji hukanyaga kwa mguu wa mtu mzima anayetaka sauti ifike kwa wakati. Nilipima kwa uangalifu mkubwa gitaa ambalo hakuna anayelipiga.

Lakini hilo linaeleza kosa la kipimo tu. Halielezi kwa nini sebuleni kwa mjane halikulegea.

Saa tano. Nimelirudia daftari. "Ufito mmoja usio na kazi."

Ninakitunza kila ninachokitoa. Hiyo ni kanuni. Ufito ulikuwa kwenye kopo la biskuti, umefungiwa lebo kwa mwandiko wangu mzuri. Ulikuwa unatoka kwenye pedali ya kwanza kwenda kwenye kidole cha uzi wa nne. Nakumbuka fikra yangu ya siku ile. Pedali ya kwanza haina haja na uzi wa nne. Kila kitabu cha mpangilio kinasema hivyo. Nati yake ilikuwa imeachwa mbali, kiasi kwamba ufito ulivuta kidole kwa unene wa karatasi, si zaidi. Nikahukumu: mabaki ya mpangilio wa zamani. Fundi mvivu alisahau kuutoa.

Hakuwa mvivu. Unene ule wa karatasi ndio uliokuwa dawa. Gitaa likipinda na kuushusha uzi wa nne, ufito unaupandisha kwa kiasi kile kile. Marehemu mume wa mjane aliujua mshuko wa gitaa lake, akauwekea mizani kwa ufito mmoja na robo mzunguko wa nati. Nami nilikuja na kitambaa safi, nikafuta dawa pamoja na uchafu.

Shemeji alisikia sawasawa. Siku zote mbili.

Bendi imepiga leo alasiri. Sikwenda.

Jumapili, 9 Machi

Nimeurudisha ufito. Nimepima kwa mguu, kwa kiatu, gitaa likiwa limesimama. Nati nimeigeuza kwa robo robo. Sasa sindano inakaa kwenye sifuri, ikitikisika nusu senti upande huu na ule. Kazi ni nzuri. Sina sababu ya kujishusha katika hilo.

Nimefikiri pia sentensi nyingine: "Nimelirekebisha." Ni kweli tupu, haina uongo ndani yake. Lakini inaponya gitaa na kuacha sikio limehukumiwa. Nimeifuta.

Nimempigia simu mara mbili. Dada amepokea, akasema mume wake yuko bafuni. Mara zote mbili. Kesho nitaenda mwenyewe na gitaa, mapema kuliko mgeni.

Jumatatu, 10 Machi — saa tisa na dakika arobaini

Naandikia kwenye meza ya shemeji, katikati ya visanduku vya lenzi.

Nimefika saa nane u nusu. Dada alinisaidia kushika upande mzito. Nimelisimamisha gitaa chini ya ile chati ya herufi. Shemeji alisimama mlangoni, mikono mfukoni. Nikamwambia yote kwa mpangilio: majiliwa, mkono, kiatu, ufito, kopo la biskuti. Nikamalizia: "Kilichokosea si sikio lako. Ni mimi."

Shemeji akatoa miwani yake mfukoni, akaipangusa kwa ncha ya koti, akaivaa, akanisogelea uso kwa uso.

"Rudia," akasema. "Nataka nikuone vizuri ukisema."

Nikarudia. Dada akageukia dirishani. Mabega yalikuwa yanatikisika. Shemeji akasema mganga hajigangi, lakini hajawahi kusikia mganga anayeng'oa jino zima na kuliandikia lebo. Nilistahili. Akavuta kiti, akaketi, akatia vidoleni pete za chuma za kupigia nyuzi, akakanyaga.

Nilikuwa nimeunganisha kipima sauti. Uzi wa nne: sifuri. Sindano haikutingishika. Nikamtazama, nikingoja.

Akafumba macho. Akapiga tena. Akainamisha kichwa upande mmoja.

"Bado," akasema. "Kidogo sana. Lakini bado."

Nilinyoosha mkono kumwonyesha sindano. Nikaurudisha. Nilimwuliza kama ndivyo lilivyokuwa kwa mjane. Akasema kwa mjane lilikuwa tamu, na sasa ni sahihi, na kwamba hivyo ni vitu viwili. Wakati huo akaingia mteja, mzee aliyevunja fremu, shemeji akaenda naye chumba cha pili. Gitaa hajalifunika. Pete hajazivua; nazisikia zikigonga lenzi.

Kwa hiyo nimerudi kwenye fasili yangu ya Jumatatu iliyopita. Nimeisoma mara tatu. "Kupungua kwa sauti ya uzi ambao haukuguswa." Imejengwa vizuri, isipokuwa ina shimo: haisemi kupungua kutoka wapi. Nilidhani jibu ni sifuri. Huenda marehemu hakuiweka nati yake kwenye sifuri. Huenda aliivusha kidogo, akaisimamisha mahali alipopataka yeye, na nilipoutoa ufito sikuandika nati ilikuwa mzunguko wa ngapi wa skurubu. Mimi, ambaye huandika lebo za kopo la biskuti!

Mgeni anakuja baada ya dakika ishirini. Dada amesema atamfungulia mlango, ila si haraka.

Nimekizima kipima sauti. Nimeinama chini ya gitaa, spana ndogo nimeiweka kwenye nati, daftari liko gotini. Ng'ambo ya ukuta namsikia akimwuliza mzee: hii, au hii? Akirudi nitamwuliza hivyo hivyo, robo mzunguko kwa robo mzunguko, mara kumi na nne ikibidi. Na atakaposema "hii", mahali ambapo sindano ingekataa, nitaandika nambari gani?