Miguu ya Bi Mwanamkasi

Adila, uko wapi? Nimejifungia chooni ofisini. Naogopa.

Unamkumbuka Bi Mwanamkasi wa Saadani, niliyemhoji kuhusu msaada wa serikali kwa wenye ulemavu? Nilimnyima. Mimi, kwa kalamu yangu.

Leo mkuu wangu kaweka fomu mbili mezani, ya bibi na ya mzee Bilali wa Fukayosi. Wote wamepooza miguu, cheti cha daktari yuleyule. Mzee kapata, bibi kakosa.

"Niambie tofauti," kasema.

Nikazisoma tena zote mbili, shoga.

Tofauti ni kwamba mzee Bilali alilalamika. Bibi nilipomuuliza miguu inaendeleaje, alisema, "Haina neno mwanangu, alhamdulillah." Nikaandika: hana shida. Mimi mtoto wa Bagamoyo, nisijue kwamba ndivyo tunavyojibu hata tukiwa hoi!

Halafu mkuu kanisukumia rufaa aliyokata bibi. "Ipitie wewe mwenyewe. Andika uamuzi ni uleule, tusionekane tunababaisha."

Yaani nijihukumu mwenyewe, Adila!

Na bibi yupo nje, anasubiri jibu. Wajukuu wamembeba mpaka kwenye benchi. Nimemwamkia, nikamuuliza tena miguu. Kanishika mkono, katabasamu: "Haina neno, mwanangu."

Siwezi kusaini. Naenda kumwambia mkuu kosa ni langu, na rufaa apewe mtu mwingine. Niombee dua. Akinifukuza, utanikuta pale benchi, karibu na bibi.