Défense, Yaya

Yaya, kaka yangu mpendwa,

Mapafu yamechoka, na mkono huu unaandika mstari mmoja kisha unapumzika. Akili ingali timamu, na kuna jambo nataka ulijue kabla hatujakutana huko ulikotangulia.

Unakumbuka asubuhi ile, Katanga ilipojitenga kuwa nchi peke yake, ulipoingia ofisini kwetu na gunia begani na uso wa mtu aliyeshinda? Mimi nilikuwa karani wa kupiga muhuri pembe za tembo. Wewe ulizichonga na kuziuza karibu na posta. Wateja wako Wabelgiji walikufundisha kwamba pembe kwa Kifaransa ni défense. Basi ulipolisoma ukutani tangazo jipya la serikali, "Défense de vendre sans cachet", ulielewa hivi: pembe, ziuzwe bila muhuri.

"Mudogo, serikali ilituachilia," ulisema. "Baliandika bo benyewe."

"Yaya, ile défense haiko pembe. Iko kukataza."

"Neno moja, kazi mbili? Bazungu banakosa maneno?"

Ofisi nzima ilicheka, nawe ukacheka kuliko wote. Kisha ukafungua gunia. Zilikuwa pembe fupi kuliko mkono wangu, za tembo ambao hawakuachwa wakue. Bunduki za vita zilikuwa zimefika porini.

"Basi piga kashe, mutoto ya mama. Batoto batakula nini?"

"Kashe haiko kwangu. Iko kwa shefu, mukubwa wa ofisi."

Yaya, muhuri huo ulikuwa mfukoni mwangu. Niliushika kwa vidole nilipokuwa nikikujibu.

Sikuandikii kuomba msamaha. Kama ningekupigia muhuri wewe, kesho yake angefika kila karani na kaka yake, na tangazo lingebaki karatasi ya kufungia karanga. Leo pia ningekataa. Ila ningekuambia usoni kwamba anayekataa ni mimi.

Ulininunia masika yote. Halafu ukaenda machimbo ya Kambove, ukarudi na malakiti, ukawa unalilaani jiwe lile la kijani kwa kukumalizia tupa. Mikono yako ikajifunza upya, na watoto wakala. Kazi ya kwanza iliyokuridhisha ulinipa mimi: tembo mdogo, hana pembe.

"Pembe ziko wapi, yaya?"

"Défense," ulijibu, bila hata kutabasamu.

Yuko hapa mezani, kando ya dawa zangu. Wajukuu huuliza nani alimvunja pembe. Nawaambia hazikuvunjwa, zilikatazwa.

Niwekee kiti karibu nawe. Nikifika, nipekue mfukoni kwanza, ndipo tusalimiane.

Mdogo wako,
mwenye kashe