Jeni Imeanza Kusomwa

Bwera, Jumapili usiku

...na bado sijui kama nilifanya vyema kumwambia mdogo wangu, Biira.

Mchana nilikaa na Biira kando ya kitanda cha mwanawe, Mbambu. Selimundu imemshika miguu tena. Nilikuwa nimekuja nyumbani nikiwaza kuacha kabisa utafiti wangu wa ugonjwa huu. Simu ikalia, mwenzangu wa maabara Kampala. Ile jeni ya damu ya mtoto aliye tumboni, ambayo mwili huikunja ndani ya kromatini, ule mviringo wa DNA na protini, na kuinyamazisha mtoto akishazaliwa, imekunjuka katika jaribio letu. Seli zinaisoma! Zinatengeneza chembe za damu zisizopinda kama mundu.

Nililia. Biira akadhani ni msiba, ikabidi nimweleze.

"Sasa dawa iko wapi, dada?"

"Bado. Ni seli za maabara tu. Pengine Mbambu atakuwa mtu mzima kabla ya..."

Alimgeukia mwanawe, nikajuta. Kuwapa watu tumaini lisiloiva, ndicho kitu ninachokiogopa kuliko vyote.

Kisha akavuta shuka, akamfunika mwanawe miguu. "Basi unangoja nini hapa? Kesho panda basi, urudi kazini. Mutoto niko naye."

Nimeshafunga mkoba. Mbambu amelala, na leo hakulia.